Nafasi ya Katibu Iko Wazi

Wameitia karatasi ile ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu na kuitundika ukutani, kati ya mlango wa ukumbi na meza ya chai. Niliitambua kabla sijavaa miwani. Taipureta yetu ilikuwa na herufi "a" mbovu, iliyoruka juu ya mstari kila ilipopigwa, na pale ukutani, chini ya kioo, herufi zile bado zilikuwa zinaruka. Chini ya fremu wamebandika kadi: "Ushahidi wa ujasiri." Kijana mmoja mwenye beji shingoni, Mganda mwenzetu anayefanya kazi katika makao makuu ya Muungano wa vyama vya kati huko Ulaya, alitupokea kwa mikono miwili. "Bibi zangu, karibuni sana. Nyie ndio historia yenyewe." Nilikuwa nimemshika mkono Mama Eseza, mjane wa marehemu Lwasa, kwa sababu macho yake yamekwisha na ngazi za hoteli ile ya Nakasero ni ndefu. Tulikuwa tumezipanda polepole, uzito wake wote ukiwa kwenye mkono wangu. Akaniuliza kuna nini ukutani, mbona watu wanasimama. Nikamwambia ni fomu ya zamani ya chama. Akasema, "Basi nisomee, muwala wange." Ananiita hivyo, binti yangu, tangu mwaka ule. Nikamwambia tukae kwanza, tunywe chai, nitamsomea. Katika karatasi ile kuna sehemu mbili zilizoachwa wazi, na zote mbili niliziacha mimi. Moja ilimpeleka mumewe alikopelekwa. Nyingine iliniokoa. Kwa miaka yote hii Eseza hakuwa anajua, na nilikuwa nimejipangia kufa kabla hajajua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na shahada isiyokuwa na mwajiri. Ya nyumbani kwetu sitayasema. Inatosha kujua kwamba nilikulia katika kota za polisi, na Kiswahili ndicho lugha niliyochezea, niliyopigiwa na niliyoombolezea. Ulikuwa mwaka uliofuata kufukuzwa kwa Wahindi. Maduka yalikuwa yamegawiwa wanajeshi, chumvi ilipatikana kwa foleni na sukari kwa magendo, na vyama vyote vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku kwa tangazo moja la redioni. Nilipanga chumba Kyebando, nikitembea kwa miguu hadi mjini kila asubuhi kutafuta kazi, na njia nzima nilikuwa nikifikiri. Nilifikiri nishike mkoba kwa mkono gani nikifika kwenye kizuizi, kwa sababu wa kulia ungeonekana kama nina haraka na wa kushoto kama nina la kuficha. Nilifikiri kama kumsalimia askari ni adabu au ni kujipendekeza. Watu wengine waliogopa kwa tumbo. Mimi niliogopa kwa hoja, moja baada ya nyingine, zikiwa zimepangwa vizuri kama insha.

Mwalimu Ochan ndiye aliyenitoa huko. Alikuwa amenifundisha historia sekondari, mtu mrefu wa kaskazini mwenye suti moja na mizaha mingi. Alinikuta kwenye foleni ya chumvi nyuma ya soko la Nakasero. "Zaituni, bado unafikiri mpaka chakula kinapoa?" Nikacheka kwa mara ya kwanza katika majuma kadhaa. Akaniambia kuna wakili anayehitaji mtu wa kupiga taipu, asiyesema sana. "Kusema sana siwezi," nilimwambia, "huwa nachelewa kuamua nianze na neno gani." Akanipeleka siku hiyo hiyo, na chumvi yangu mkononi.

Ofisi ya Lwasa ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Duka lilikuwa limepewa Sajini Draku, mtu mnene, mpole kwa kiasi ambacho mtu mwenye bastola anaweza kuwa mpole. Watu kama yeye, wanajeshi walionenepa kwa maduka ya bure, tuliwaita mafuta mingi. Hakujua kupima kitambaa. Alikitandaza sakafuni na kukipima kwa hatua za gwaride, na wanawake wa Kampala walijifunza kumwambia, "Afande, hatua yako leo fupi," naye anarudia kwa hatua ndefu zaidi, akiona haya. Aliponisikia nikimjibu salamu siku ya kwanza, uso wake ulifunguka. "Wewe toto ya lain! Hii Kiswahili yako ni ya lain, ya kota kabisa. Baba yako polisi?" Nikasema ndiyo. "Basi wewe ni yetu," akasema, na sikujua nifurahi au niende kutapika.

Juu mambo yalikuwa kinyume. Lwasa alikuwa mtu mfupi, safi, mwenye sauti ya mtu anayesoma wosia. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba Kiswahili hakisemwi mle ndani. "Hii si kambi, nnyabo," aliniambia. Kwake lugha ile ilikuwa sauti ya buti kwenye ngazi. Tulizungumza Kiingereza, naye na mkewe Kiganda, na maneno yao ninayoyaandika hapa nimeyageuza mimi, kwa lugha aliyoikataza. Sijui kama hilo ni heshima au ni kisasi. Chumba cha mbele kilikuwa cha sheria: hati za viwanja, kesi za mirathi. Chumba cha nyuma kilikuwa na kabati, meza, viti vitatu, na bati la biskuti ambalo ndani yake, kimezungushiwa soksi, kulikuwa na kibendera cha mezani. Hicho kilikuwa kibendera cha Muungano wa vyama vya mrengo wa kati, vyama vya nchi ishirini na kitu ambavyo havikutaka kulia wala kushoto, na chama chetu kidogo, kilichokuwa kimepata viti vichache katika bunge ambalo halikuwapo tena, kilikuwa mwanachama kamili. Lwasa alikuwa mwenyekiti. Ochan alikuwa mhazini wa hazina isiyokuwa na kitu. Katibu alikuwa amekimbilia Nairobi miezi miwili kabla sijafika.

Ni vigumu kuwaeleza vijana jinsi watu wale walivyopenda utaratibu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, Lwasa alivuta pazia, akakitoa kibendera kwenye soksi, akakisimamisha mezani, akafungua kikao. Ajenda ya kwanza, kufungua. Ya pili, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Nilikuwa nimeupiga taipu muhtasari huo kwa nakala moja, na baada ya kuthibitishwa uliwekwa sahihi na kuchomwa kwenye jiko la mkaa. Siku ya kwanza niliuliza kwa nini hatuuchomi mara tu kikao kinapokwisha. Lwasa alinitazama kama nimependekeza tule bila kunawa. "Muhtasari ambao haujathibitishwa bado si muhtasari. Huwezi kuharibu kitu ambacho bado hakijawa." Kwa hiyo kila mwezi, kwa siku thelathini, ushahidi wa kutosha kutuua ulilala kabatini kati ya hati za viwanja, ukingoja kuthibitishwa. Ochan alisema, "Zaituni, sisi ndio watu pekee Uganda tutakaonyongwa kwa sababu ya masahihisho ya ukurasa wa pili." Lwasa akasema, "Mheshimiwa mhazini, uko nje ya ajenda."

Akidi ilikuwa watu watatu. Wao walikuwa wawili. Katika kikao cha pili nilichohudhuria, Lwasa alivua miwani akauliza kama ningekubali kukaimu ukatibu ili vikao viwe halali. Sikuwa na imani yoyote ya siasa. Niliyapenda maneno yao, uhuru wa mahakama, bunge la kweli, lakini kama mtu anavyopenda jiko la jirani akisikia harufu. Nikafikiri: nikikataa itabidi nitoe sababu, na sababu itaandikwa kwenye muhtasari. Nikakubali. Ochan akapiga meza kwa vidole. "Karibu katikati, binti. Huku hakuna watu, lakini viti vipo."

Chakula ndicho kilichonifanya nibaki. Kila siku kabla ya saa saba kikapu kilifika kutoka nyumbani kwa Lwasa, Nateete. Eseza alikifungasha mwenyewe na kukikabidhi kwa jirani yao, mwanamke muuza ndizi aliyekuwa akija sokoni. Ndani mlikuwa na mafurushi matatu ya majani ya mgomba, kila moja limefungwa kwa kamba yake: matoke, na juu yake mchuzi wa karanga wenye samaki mkavu, au uyoga, au siku mbaya karanga peke yake bila chumvi. Mvuke ukitoka pale ulikuwa na harufu ya jani lenyewe, kijani, kama mvua. Kabla sijakubali ukatibu, mafurushi yalikuwa mawili, nami nilikula mihogo yangu dirishani. Jumatano ile nilipokubali, Lwasa alimweleza mkewe, na kesho yake yalikuja matatu. Hakuna mtu aliyewahi kunitangazia cheo kwa namna iliyo wazi zaidi.

Barua za Muungano zilikuja zimefichwa ndani ya orodha za vifaa vya meno, kwa sababu mwanamke aliyetuandikia kutoka huko alikuwa daktari wa meno aliyejitolea. Zilianza "Marafiki wapenzi" na kumalizika "Tunaifuatilia hali yenu kwa wasiwasi mkubwa." Lwasa alizisoma amesimama. Ochan alisema, "Wanatufuatilia kwa wasiwasi. Si wafuatilie na chumvi kidogo?" Leo nikiwakumbuka, sijui ni yupi niliyemwelewa zaidi. Kwa Lwasa barua zile zilikuwa ushahidi kwamba mahali fulani duniani kulikuwa na meza ndefu, na kwenye meza hiyo kiti kimoja kilikuwa na jina la nchi yetu, na si la lile jeshi lililoikalia. Ningeweza kulicheka hilo sasa. Wakati ule mjini kwetu watu walikuwa wakitiwa ndani ya buti za magari mchana kweupe, na wenzao wakigeuza macho kutazama bei ya nyanya. Mtu anayesema bado kuna meza, hata kama ni mbali, alikuwa na nguvu fulani.

Kisha fomu ikaja. Muungano ulikuwa unahakiki wanachama wake, na kila chama kilitakiwa kujaza majina ya mwenyekiti, mhazini na katibu. Swali la saba liliuliza: "Je, mnaruhusu majina haya yachapishwe katika jarida letu?" Mbele yake kulikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Barua ilieleza kwamba chama kisichorudisha fomu kitashushwa kuwa mwangalizi. Waangalizi hukaa nyuma na hawapigi kura. Lwasa alilisema neno hilo, mwangalizi, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

Walibishana Jumatano nzima, kibendera kikiwa katikati, matoke yakipoa. "Ndiyo," alisema Lwasa. "Wanaopotea ni wale ambao hakuna anayewajua. Jina likichapishwa Ulaya, huyu mtu aliyeko ikulu hapa atafikiri mara mbili."

"Huyu mtu hapa hafikiri mara moja," alisema Ochan. "Ssebo, hapa kwetu mtu akijulikana, kinachojulikana ni nyumba yake. Hapana."

"Kama hatuna majina, sisi ni kitu gani?"

"Tu hai. Hicho nacho ni kitu."

Wote wawili wakanigeukia. Kura moja moja. Ya tatu ilikuwa yangu. Ningependa kuandika kwamba niliogopa. Kuogopa kungekuwa afadhali, kungesema hapana. Mimi nilifikiri. Niliona Lwasa ana haki na Ochan ana haki. Niliona kwamba nikisema ndiyo nitakuwa nimemhatarisha Ochan kinyume cha matakwa yake, na nikisema hapana nitakuwa nimemnyang'anya Lwasa kitu pekee alichobaki nacho. Nikasema, "Naomba tujaze majina, ili tubaki wanachama, lakini swali la saba tuliache wazi. Tusiseme ndiyo wala hapana."

Lwasa alitabasamu polepole. Ochan akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Banange! Sasa huyu ni mwanachama kweli kweli." Wakaafiki kwa kauli moja. Tulikula matoke baridi kwa furaha, kama watu waliotoka kwenye jambo gumu. Hicho kicheko cha Ochan bado nakisikia, na ndicho ninachokichukia kuliko vyote vya mwaka ule, kwa sababu nilijivunia.

Niliipiga taipu fomu ile peke yangu asubuhi iliyofuata. Mwenyekiti: jina kamili la Lwasa. Mhazini: jina kamili la Ochan. Nikafika kwenye katibu. Chini duka lilikuwa wazi, nikisikia hatua za Sajini, moja, mbili, tatu, akipima kitambaa. Nikajiambia kwamba ninakaimu tu. Nikajiambia kwamba katiba ya chama inataka katibu athibitishwe na mkutano mkuu, na mkutano mkuu haujakaa, kwa hiyo kuandika jina langu kungekuwa uongo rasmi. Ilikuwa hoja nzuri. Hata leo siioni kasoro yake. Nikapiga: "nafasi iko wazi." Lwasa aliniamini, aliweka sahihi kwenye ukurasa wa pili bila kurudi kwenye wa kwanza, yeye ambaye alisoma kila kitu mpaka mwisho.

Na posta, pale Kampala Road, bahasha ikiwa nusu ndani ya tundu, nikakumbuka. Nilikuwa mtu pekee kati yetu aliyesoma kijitabu cha kanuni za Muungano kuanzia jalada hadi jalada, kwa sababu mimi nasoma kila kitu ninachoogopa. Karibu na mwisho kulikuwa na kifungu kifupi: swali lisilojibiwa litachukuliwa kwamba mhusika hana pingamizi. Nikasimama. Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikafikiri kwamba kifungu kile kinahusu kura za mkutano, si fomu. Nikafikiri kwamba wale ni watu wenye busara, wanajua hali yetu, wataelewa maana ya kunyamaza kwa Kampala. Nikafikiri kwamba nikirudi nayo, itabidi kikao kingine, na mabishano mengine, na kura yangu itarudi mikononi mwangu. Hilo la mwisho ndilo lililosukuma bahasha. Nikaisikia ikianguka.

Majuma yalipita. Sikumwambia mtu. Nikaacha kulala vizuri, nikapungua, na Lwasa akadhani ni chakula. Furushi langu likaanza kuja kubwa kuliko mengine.

Walikuja Alhamisi, saa saba na nusu, tukiwa mezani. Ochan alikuwa kwao kaskazini kwenye mazishi, na furushi lake lilikuwa halijafunguliwa. Tulisikia ngazi. Walikuwa watatu, watu wa usalama, mashati ya maua, miwani myeusi, na nyuma yao Sajini Draku na futi yake ya kupimia, ambayo wakati huo alikuwa amejifunza kuitumia. Mmoja alikuwa na jarida la Muungano, limekunjwa kwenye ukurasa fulani. Ubalozi wao huko nje, nilikuja kujua baadaye, ulikuwa umelinunua kama mtu yeyote. Lilikuwa toleo ambalo sisi wenyewe hatujaliona. Akalitupa mezani, karibu na kibendera, maana Lwasa alikuwa amekitoa kukisafisha.

"Hii jina ni yako?"

Lwasa akavaa miwani. Alisoma. Alisoma ukurasa wote, mpaka chini, jinsi alivyosoma kila kitu, nami nikaona macho yake yakifika kwenye mstari wa tatu na kusimama. Akainua uso akanitazama, muda wa kusoma sentensi moja, si zaidi.

"Na wewe nani?" yule mtu akaniuliza.

"Mimi taipisti tu, afande," nikasema, kwa Kiswahili cha kota, kile ambacho sikuwahi kukisema katika chumba kile.

"Huyu mi najua," Sajini akadakia kutoka mlangoni. "Ni toto ya lain. Iko napiga taipu tu."

Yule mtu akawa ananitazama bado, kidole chake kwenye jarida. Ndipo Lwasa, aliyesema lugha ile ni buti, akaitumia kwa mara ya kwanza na ya mwisho nikimsikia, akitafuta kila neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Katibu hapana iko," akasema. "Soma. Hii musichana ni taipisti tu."

Yule akasoma, midomo ikicheza. "Kweli. Hapa nasema hapana katibu."

Lwasa akasimama. Chakula chake kilikuwa nusu. Akayarudisha majani juu yake, jani kwa jani, akakunja ncha ndani ili mvuke usitoke, kama mtu anayekwenda kuongea na mteja chumba cha mbele na atarudi. Hakuniaga. Nimewahi kusema kwa watu kwamba alifanya hivyo ili kunilinda. Huenda. Huenda pia hakuwa na la kuniambia.

Walipokwisha kushuka naye, Sajini alibaki ameshika nguzo ya mlango. "Potea, toto," akasema. "Kesho mimi hapana kujua wewe." Sijawahi kujua niweke wapi wema wa mtu yule.

Nilikipeleka kikapu Nateete kwa miguu, kwa sababu mtu lazima afanye kitu kwa mikono yake. Eseza alikuwa uani akipukusa mahindi, vazi lake la gomesi limefungwa kiunoni. Alikitazama kikapu kabla hajanitazama mimi, maana hakikuwahi kurudi na mimi. Akalitoa furushi la Ochan, limefungwa. Akalitoa la mumewe, likiwa nusu, limefunikwa. Akalitoa langu, majani matupu. Akayapanga chini mbele yake.

"Na wewe walikuuliza nini?"

"Walitaka kujua mimi ni nani."

"Ukasema?"

"Taipisti."

"Ulifanya vyema, muwala wange," akasema. Ndipo akaanza kulia.

Mwili haukupatikana. Ochan alipata habari njiani, akavuka mpaka hadi Nairobi, na baada ya miezi akanitumia kadi yenye sentensi moja tu: "Muhtasari wa kikao cha mwisho haujathibitishwa." Alifia huko, miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa wa kawaida, kifo ambacho mwaka ule tungekiona anasa. Muungano ulipitisha azimio la kulaani. Katika mkutano wao waliacha kiti kitupu na kibendera mbele yake, wakakipiga picha, wakaituma picha ndani ya orodha ya vifaa vya meno. Na mwaka mpya ulipoingia, fomu ikaja tena, na barua iliyoanza "Mpendwa Katibu", maana hawakuwa na jina. Niliichoma bila kungoja ithibitishwe.

Ndiyo sababu juma lililopita, pale Nakasero, chai yangu ilipoa. Kijana wa beji alikuwa amesimama jukwaani akisema vyama vya kati ni daraja, na daraja halichagui upande. Eseza akanigusa. "Umesema utanisomea."

Tukasimama mbele ya fremu. Nikasoma kwa sauti ya chini, nikitafsiri. Jina la chama. Mwenyekiti, na jina la mumewe. Akalirudia, midomo tu. Mhazini, Ochan. "Katibu," nikasema, na ningeweza kuruka, yeye haoni, lakini kijana mwingine wa beji alikuwa amekuja kusimama karibu nasi, akisoma pamoja nami. "Katibu: nafasi iko wazi."

Eseza alinigeuzia uso. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nafunga majani matatu."

"Ndiyo, Maama."

"Mwenyekiti, mhazini, katibu. Lwasa aliniambia hivyo mwenyewe, na siku hiyo nikaongeza ndizi. Basi lile la tatu nilikuwa namfungia nani?"

Jukwaani wakatuomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya waliotangulia. Ukumbi mzima ukasimama, na mimi, Mungu anisamehe, niliipokea dakika ile kama zawadi. Ilipokwisha, Eseza alikuwa bado amenigeuzia uso.

"Soma tena," akasema. "Kutoka juu. Safari hii usiache kitu."

Nikasoma tena kutoka juu. Nilipofika kwenye katibu nikataja jina langu, lote, na la baba. Nilipofika kwenye swali la saba nikamwambia kwamba halikujibiwa, kwamba kutolijibu lilikuwa wazo langu, kwamba wote walicheka, na kwamba pale posta nilijua. Yule kijana wa pili wa beji akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Eseza alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza chungu kuona kama kimechemka. Alisema amechoka, angependa kwenda nyumbani, nimwitie gari.

Nikamwitia. Tukashuka zile ngazi, mimi upande wake wa kushoto kama tulivyopanda, mkono nimeukunja tayari. Alipapasa ukuta mpaka akakipata chuma cha ngazi, akakishika, akashuka nacho mpaka chini.